Apu Moja, Simu Tofauti: Kwa Nini Usasishe Mapema

Je, umewahi kuona apu ya kutuma pesa kwenye Android yako ikifanana kabisa na ile ya iPhone ya rafiki yako? Si ajabu. Huenda sehemu kubwa ya apu hizo iliandikwa mara moja tu.

Apu ni maagizo ambayo simu hufuata. Kwa kawaida maagizo hayo yaliandikwa mara mbili: ya Android kwa lugha ya Java au Kotlin, ya iPhone kwa Objective-C au Swift. Siku hizi wahandisi wengi hutumia React Native, iliyotolewa na Facebook mwaka wa 2015, au Flutter ya Google, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2018. Ukurasa wa kutuma pesa au kuonyesha ada huandikwa mara moja, kisha hutumika kwenye simu zote mbili. Mambo kama kusoma alama ya kidole bado hutegemea kila aina ya simu.

Sasa, hii inakuhusu vipi?

Kosa moja hugusa wengi. Hitilafu ikiwa kwenye maagizo ya pamoja, wa Android na wa iPhone wote wanaipata. Uzuri ni kwamba ikirekebishwa, inarekebishwa mara moja kwa wote.

Marekebisho hayana faida kabla ya kufika kwa simu yako. Hitilafu ikishajulikana, hata walaghai wanaweza kuijua. Ukibaki na toleo la zamani, umeacha mlango wazi.

Sasisha kutoka Play Store au App Store pekee. Fungua duka, tafuta jina la apu, kisha ubonyeze kitufe cha kusasisha. Usipakue apu ya pesa kupitia linki uliyotumiwa kwa SMS au WhatsApp, hata kama imetoka kwa mtu unayemjua.

Na wewe wa mulika mwizi? Menyu unayopata kwa kupiga nambari ya nyota na reli haikai kwenye simu yako. Inatoka kwenye mitambo ya kampuni. Huna chochote cha kusasisha. Kwa hivyo mtu akikupigia akisema "tunasasisha laini yako, tupe PIN", huyo ni mwizi. Kata simu.