SOMO LA KIINGEREZA: SENTENSI ZA SHARTI

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet, karatasi zina kazi nyingi. Makampuni makubwa yalianza kupanda mashamba yao huko katika miaka ya 1920; na mwaka 1964 Serikali ya Kenya iliunda Mamlaka ya Ustawishaji wa Chai kwa ajili ya wakulima wadogo, ambao siku hizi hupeleka majani yao katika viwanda kama vile Litein, Mogogosiek na Kapkoros. Mkataba wa mchumaji, barua ya kiwanda na tangazo linalobandikwa ukutani huandikwa mara nyingi kwa Kiingereza. Katika karatasi hizo neno moja dogo hubeba mzigo mkubwa, nalo ni "if", yaani kama au ikiwa. Asiyelielewa vema aweza kupoteza fedha, nyumba au kazi.

Kila sentensi ya sharti ina pande mbili: upande wa sharti na upande wa matokeo. Kiswahili huonyesha aina ya sharti ndani ya kitenzi chenyewe, kwa viungo -ki-, -nge- na -ngali-. Kiingereza hakina viungo hivyo. Hutumia "if" ile ile kila mahali, kisha huacha nyakati za vitenzi zionyeshe tofauti. Basi asomaye Kiingereza asilitazame neno "if" peke yake, bali avitazame vitenzi viwili, kimoja katika kila upande.

NAMNA NNE ZA SHARTI

Namna ya kwanza ni ya jambo lililo kweli siku zote. "If green leaf is pressed tightly in a bag, it grows hot." Maana yake: majani mabichi yakishindiliwa katika gunia, hupata moto. Pande zote mbili zina wakati uliopo, maana hii ni desturi ya majani, wala si habari ya leo au kesho.

Namna ya pili ni ya jambo liwezalo kutokea baadaye. "If the lorry comes late, the leaf will spoil." Maana yake: lori likichelewa, majani yataharibika. Upande wa sharti una wakati uliopo, na upande wa matokeo una "will". Hili ni onyo.

Namna ya tatu ni ya jambo la kuwaza tu, lisilo kweli kwa sasa. "If the lorry came at noon, the leaf would not spoil." Maana yake: lori lingekuja saa sita mchana, majani yasingeharibika. Hapa wengi hujikwaa. Wanaona neno "came", nao wamefundishwa kwamba ni wakati uliopita, wakadhani habari ni ya jana. Sivyo. Katika sentensi hii wakati uliopita hauonyeshi siku iliyopita; unaonyesha kwamba jambo li mbali na kweli. Lori huja jioni, na anayesema anatamani lije mchana. Haya ni matakwa.

Namna ya nne ni ya jambo lililokwisha kupita, lisiloweza kubadilishwa tena. "If the lorry had come at noon yesterday, the leaf would not have spoiled." Maana yake: lori lingalikuja jana saa sita mchana, majani yasingaliharibika. Upande wa sharti una "had" pamoja na kitenzi, na upande wa matokeo una "would have". Sentensi hii inamwambia msomaji mambo mawili ya hakika: lori halikuja mchana, na majani yaliharibika. Haya ni madai.

Faida ya kujua tofauti hizo yaonekana mara moja. Tuseme wakulima wa kituo kimoja cha kununulia majani wamepata hasara ya magunia kumi, nao wanamwandikia meneja wa kiwanda wakitaka hasara yao iangaliwe. Wakiandika kwa namna ya tatu, meneja ataona ni watu wanaoomba saa za lori zibadilishwe. Atajibu kwa adabu kwamba ombi litafikiriwa, na magunia kumi hayatatajwa. Wakiandika kwa namna ya nne, barua ile ile inakuwa habari ya hasara iliyotokea, pamoja na sababu yake. Tofauti ni ya maneno machache tu, lakini barua ya kwanza inaomba, na ya pili inadai.

MAKOSA YATOKAYO KATIKA KISWAHILI

Mwanafunzi hujenga lugha mpya juu ya msingi wa lugha anayoijua. Msingi huo humsaidia mara nyingi, lakini mara nyingine humpoteza.

Kosa la kwanza hutokana na -nge-. Kiswahili hurudia kiungo hiki katika pande zote mbili: ningekuwa na shamba, ningepanda chai. Kwa hiyo mwanafunzi huandika, "If I would have a farm, I would plant tea." Kiingereza sanifu hakikubali hivyo. Neno "would" hukaa upande wa matokeo tu. Yapasa kuandika, "If I had a farm, I would plant tea."

Kosa la pili hutokana na neno kama. Mtu husema, kama lori litakuja, tutapakia, naye huandika, "If the lorry will come, we shall load." Afadhali afikiri kwa -ki-. Hakuna asemaye "litakija". Husema likija, pasipo alama ya wakati ujao. Kiingereza nacho hufanya vivyo hivyo: "If the lorry comes, we shall load."

Kosa la tatu ni la kuchanganya "if" na "when". Katika Kiswahili, neno likija laweza kuwa na maana ya ikiwa litakuja, au ya litakapokuja. Msikilizaji hutambua kwa mazungumzo. Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua. "When the lorry comes" maana yake ni kwamba lori litakuja bila shaka, na kinachongojwa ni saa yake. "If the lorry comes" maana yake ni kwamba huenda lisije. Karani amwandikiaye mkulima, "When your bonus is paid," ametoa ahadi. Aandikaye "If your bonus is paid," hakuahidi kitu. Msomaji na alipime neno hilo kabla ya kukopa dukani kwa kutegemea malipo.

MASHARTI YALIYOJIFICHA

Barua rasmi hupenda kuweka sharti bila kutumia neno "if". Hapo ndipo hatari ilipo kubwa zaidi.

"Unless" ni sawa na ikiwa si, au kiungo -sipo-. "Unless you sign, you will not be paid." Maana yake: usipotia sahihi, hutalipwa. Neno hili lina ukanushi ndani yake, kwa hiyo si sawa kuongeza "not" upande wake. Aandikaye "Unless you do not sign" amesema kinyume cha alichokusudia.

"Should" mwanzoni mwa sentensi si yapasa. Shuleni mtoto hujifunza kwamba "you should" ni yakupasa, na hiyo ni kweli. Lakini tazama: "Should you fail to report by Monday, your name will be removed from the roll." Maana yake: usipofika kazini kufikia Jumatatu, jina lako litaondolewa katika daftari. Ajuaye maana moja tu ya "should" hupotea katika sentensi hii, na Jumatatu haimngoji. Neno "had" nalo huweza kutangulia hivyo hivyo: "Had the clerk been told" ni sawa na "If the clerk had been told", yaani karani angaliambiwa.

"Provided that" ni kwa sharti kwamba. Neno "provided" peke yake laweza kuwa na maana ya kutolewa, kama katika "A house is provided", yaani nyumba hutolewa. Lakini sentensi hii ni nyingine: "The worker may occupy the house provided that he is still in service." Maana yake: mfanyakazi aweza kukaa katika nyumba kwa sharti kwamba angali kazini. Mzee aliyechuma chai miaka thelathini, akiisoma nusu ya kwanza tu, atadhani amehakikishiwa makao. Nusu ya pili inasema kwamba siku kazi itakapokwisha, haki ya kukaa nayo itakwisha. Heri aijue habari hiyo mapema, angali na nguvu za kujenga kwake, kuliko kuijua siku ya kurudisha ufunguo.

HAKI YA KUELEZWA

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 9, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, anaelezwa mkataba huo katika lugha anayoielewa. Tena Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kwa hiyo si aibu kwa mchumaji ye yote kusema, "Naomba nielezwe maneno haya kabla ya kutia sahihi." Na kijana aliyesoma, ambaye jirani humletea barua amsomee, asiharakishe. Na atafute kwanza sharti, kisha matokeo, kisha aeleze yote mawili. Akiliruka sharti, ataeleza ahadi isiyokuwapo.

ZOEZI

Msomaji na afasiri sentensi nne za kwanza kwa Kiingereza, kisha aiandike ya tano upya kwa kutumia "if".

1. Mvua ya mawe ikinyesha, majani ya chai huchanika.
2. Usipoleta kitambulisho, karani hatakuandika. Tumia "unless".
3. Ningekuwa na ekari mbili, ningepanda chai.
4. Karani angalipima kikapu tena jana, mkulima asingalilalamika.
5. "Should the lorry break down, the driver will telephone the factory."

MAJIBU

1. "If hail falls, the tea leaves are torn." Ni desturi ya siku zote.
2. "Unless you bring your identity card, the clerk will not register you." Ni onyo.
3. "If I had two acres, I would plant tea." Ni matakwa, shamba halipo.
4. "If the clerk had weighed the basket again yesterday, the farmer would not have complained." Jambo limekwisha kupita: karani hakupima tena, na mkulima alilalamika.
5. "If the lorry breaks down, the driver will telephone the factory."

Aliyepata zote tano na achukue mkataba wake mwenyewe, au barua ye yote ya kiwanda iliyomo nyumbani, apige mstari chini ya kila sharti atakaloliona. Huenda akaliona moja ambalo hajawahi kulisoma.