Kolesteroli ya kurithi: ninavyokula, ninavyotembea

Ukikutana nami njiani hutadhani nina kolesteroli nyingi. Mimi ni mwembamba tangu utotoni, sivuti sigara, na kwetu Tanga samaki huingia chunguni mara nyingi kuliko nyama. Hata hivyo majibu ya maabara yalionyesha LDL, ile kolesteroli mbaya, imepita 4.9 mmol kwa lita. Daktari aliposikia kwamba baba yangu na baba mdogo walianguka ghafla kabla ya kufika miaka 50, aliacha kuniuliza habari za chipsi. Akasema hii ni ya damu.

Ini lina vipokezi vinavyonasa LDL na kuiondoa kwenye damu. Aliyerithi jeni yenye hitilafu ana vipokezi vichache, au anavyo lakini havifanyi kazi sawasawa. LDL hubaki ikizunguka tangu anazaliwa, ikijijenga taratibu kwenye kuta za mishipa. Duniani tuko takriban mtu 1 kati ya 250, wanene kwa wembamba.

Nilianzia jikoni, kwa mafuta yanayoganda: siagi, samli, mawese, na nazi. Tui ndilo lililonipa kazi, maana mpishi wa Pwani bila tui anajiona mkono mmoja umefungwa. Sikuliacha kabisa. Wali wa nazi nimeuweka kwa sikukuu na wageni. Siku za kawaida mbaazi nazipika kwa nyanya, kitunguu, bizari na kitunguu saumu kingi, kisha nakamulia ndimu na kutosa pilipili mbuzi nzima. Watoto waliguna mwanzoni. Sasa wanaomba ukoko wa sufuria.

Mbaazi, kunde, choroko na maharage nazisifu kwa sababu. Nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka hushika asidi za nyongo tumboni na kutoka nazo, na ini hulazimika kutumia kolesteroli kutengeneza nyongo nyingine. Uji wa shayiri asubuhi hufanya kazi hiyohiyo. Mafuta ya kupikia ni ya alizeti, napima kwa kijiko. Kuku namtoa ngozi, na vibua nawachoma badala ya kuwakaanga.

Kahawa wengi hawaijui hatari yake. Ile inayochemshwa na unga wake kwenye dele ina mafuta ya asili ya buni yanayopandisha LDL. Ikipita kwenye karatasi ya chujio, sehemu kubwa ya mafuta hayo hubaki huko. Kijiweni nanywa kikombe kimoja, basi. Nyumbani nachuja.

Mazoezi yangu ni kutembea. Baada ya swala ya alfajiri nashika barabara ya Raskazone, kwa mwendo unaoniruhusu kuongea lakini si kuimba. Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Nisikudanganye, kutembea hakushushi LDL sana. Kunasaidia shinikizo la damu, sukari, mafuta mengine ya damuni na nguvu ya moyo, na kwa mtu ambaye mishipa yake imebeba mzigo tangu utoto, hayo si madogo. Ukibanwa na kifua unapotembea, simama, uende hospitali.

Sasa dawa. Watu wema wameniletea mlonge, siki na kitunguu saumu ili niache vidonge. Nawashukuru, na vidonge naendelea. Sisi wa kurithi hutakiwa kushusha LDL kwa nusu au zaidi, na chakula peke yake huwa hakifiki huko. Dawa za jamii ya statini huliongezea ini vipokezi. Chakula na mazoezi huzisaidia, havichukui nafasi ya dawa hizo. Mwanamke anayepanga ujauzito amwambie daktari kwanza.

Vifo vya baba na baba mdogo vilisemwa ni mkono wa mtu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewapima waliobaki. Kila mtoto wa mwenye jeni hii ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi, na watoto hupimwa mapema, kabla ya kufika miaka 10. Kama kwenu kuna aliyeondoka ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, wapigie ndugu zako wa tumbo moja wiki hii. Nendeni pamoja mkaombe kipimo cha mafuta kwenye damu, na watoto muwachukue.