Maabara Ikifungwa, Mionzi Haizimiki: Somo kwa Wakazi wa Kisii na Nyamira

Ndugu mkazi, somo la toleo hili linahusu maabara zilizowahi kutumia vifaa vya mionzi au madini ya nyuklia, na namna zinavyopaswa kufungwa. Huenda ukajiuliza mambo hayo yanamhusu vipi mkulima wa majani chai wa Nyansiongo, fundi wa jua kali wa Suneka au mama mwenye kibanda soko la Daraja Mbili. Yanamhusu kwa sababu kifaa kilichosahaulika maabara kinaweza kutolewa nje pamoja na madawati na kabati kuukuu, kikapandishwa kwenye mkokoteni na kufika kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Jambo hilo limetokea katika nchi nyingine, na watu wamekufa.

Makala haya hayasemi kwamba kuna hatari katika taasisi yoyote ya hapa kwetu. Yanaeleza kazi inavyopaswa kufanywa na maswali ambayo wewe mwananchi una haki ya kuuliza.

MIONZI NI NINI?

Mionzi ni nguvu inayotoka ndani ya chembe ndogo sana za vitu fulani, kama vile urani, kobalti 60 na sesiamu 137. Haionekani, haina harufu wala ladha, na huwezi kuisikia. Udongo na mawe hutoa mionzi kidogo kila mahali duniani. Mlima Mrima kule Kwale, kwa mfano, unajulikana kwa mionzi yake ya asili iliyo juu kuliko kawaida.

Mionzi ina kazi nyingi nzuri. Hospitali huitumia kutibu saratani. Wajenzi wa barabara huitumia kupima kama udongo umeshindiliwa vya kutosha. Vyuo vikuu huitumia kufundisha na kufanya utafiti. Mwanafunzi wa kidato cha nne aliyesoma fizikia amekutana na somo hili darasani.

Kuna tofauti moja ambayo kila mtu anapaswa kuijua. Mashine ya eksirei hutoa mionzi inapotumia umeme tu. Ukiizima, mionzi imekwisha. Chanzo cha mionzi kama kobalti 60 hakina swichi. Kinatoa mionzi usiku na mchana, mlango ukiwa wazi au umefungwa kwa kufuli, mwalimu akiwa kazini au amestaafu.

Nguvu ya chanzo hupungua polepole. Muda unaopita hadi nguvu hiyo ibaki nusu huitwa nusumaisha. Nusumaisha ya kobalti 60 ni takriban miaka 5.3. Ya sesiamu 137 ni miaka 30 hivi. Ya plutoni 239 ni zaidi ya miaka 24,000, na ya urani 238 ni takriban miaka bilioni 4.5. Kwa hiyo kusubiri peke yake si njia ya kufunga maabara.

KUMULIKWA NA KUCHAFULIWA

Mionzi humfikia mtu kwa njia mbili. Chukua mfano wa jiko la kuni. Ukikaa karibu na moto unapata joto, lakini ukiondoka joto halikufuati. Huko ni kumulikwa. Ukikaa karibu mno au kwa muda mrefu mno, utaungua.

Sasa fikiria jivu. Likikushika mikononi na kwenye nguo, unalibeba hadi chumbani, kwenye chakula na kwa watoto. Huko ni kuchafuliwa. Chanzo kilichofungwa vizuri ndani ya chuma humulika tu. Kikivunjwa, unga wake husambaa kama jivu, na hapo ndipo balaa huanza. Ndiyo maana kosa kubwa kuliko yote ni kufungua kifaa usichokijua.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mfano wa kwanza ni wa chuo kikuu. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Delhi, nchini India, kilinunua mashine ya utafiti yenye kobalti 60 kwa ajili ya idara ya kemia. Mashine hiyo iliacha kutumika mwaka 1985. Ilikaa hapo miaka 25. Mwanzoni mwa mwaka 2010 iliuzwa kwa mnada kama chuma chakavu na kufikishwa Mayapuri, soko kubwa la vyuma vikuukuu mjini Delhi. Wafanyakazi waliivunja ili wapate madini yaliyokuwa ndani. Mwezi wa Aprili mmoja wao alifariki, na wengine kadhaa walilazwa hospitalini.

Tufanye hesabu. Miaka 25 ni karibu nusumaisha 5 za kobalti 60. Nguvu ya chanzo hicho ilikuwa imeshuka kutoka 100 hadi takriban 4. Hizo 4 kwa mia zilizobaki ndizo zilizoua mtu.

Mfano wa pili ni wa mji wa Goiânia, Brazil. Kliniki moja ya saratani ilihama na kuacha mashine yenye sesiamu 137 kwenye jengo tupu. Mwezi wa Septemba 1987 watu wawili waliingia, wakaibomoa na kuuza vyuma vyake. Ndani mlikuwa na unga uliong'aa rangi ya buluu gizani. Watu waliushangaa, wakagawiana na jamaa na marafiki, hata watoto wakauchezea. Watu 4 walifariki, mmoja wao msichana wa miaka 6. Watu 249 walipatikana wakiwa wamechafuliwa, na zaidi ya 100,000 walijitokeza kupimwa. Nyumba kadhaa zilibomolewa.

Mfano wa tatu uko karibu na sisi. Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Kinshasa, nchini Kongo. Kinu kingine kilikifuata mwaka 1972, nacho kilisimama mwaka 2004. Katika miaka hiyo vijiti viwili vya fueli ya urani vilipotea. Kimoja kilinaswa Italia mwaka 1998 mikononi mwa wahalifu waliotaka kukiuza. Cha pili hakijapatikana. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ukiitazama mifano hii mitatu utaona kwamba mashine zenyewe hazikuharibika. Watu ndio waliohama, waliostaafu au waliosahau, na hakuna aliyekabidhiwa kazi ya kuvitunza vifaa.

HATUA ZA KUFUNGA MAABARA

Kufunga maabara ya namna hii si kuzima taa na kurudisha ufunguo ofisini. Ni kazi yenye hatua, na kila hatua huandikwa.

1. Mpango na fedha. Taratibu za kimataifa zinataka mpango wa kufunga uandaliwe mapema, maabara ikiwa bado inafanya kazi. Anayeleta kifaa leo aseme kitakwenda wapi kesho na nani atalipa.

2. Kuhesabu. Daftari linalinganishwa na kabati, droo, friji na stoo. Kila chanzo kiwe na jina, namba, nguvu yake na tarehe iliyopimwa. Wafanyakazi wa zamani na wastaafu huulizwa, kwa maana mara nyingi wao ndio wanaokumbuka kilichowekwa nyuma ya ukuta au chini ya meza. Madini ya nyuklia, yaani urani, thori na plutoni, huhesabiwa kwa uangalifu zaidi kwa sababu yanahusu usalama wa dunia nzima. Kenya ina mkataba na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) unaoitaka itoe hesabu ya madini hayo.

3. Kuondoa. Chanzo hurudishwa kwa aliyekitengeneza, au hukabidhiwa taasisi nyingine yenye leseni, au hupelekwa kwenye ghala la taifa la taka za mionzi. Ghala hilo liko Oloolua, Ngong, katika Kaunti ya Kajiado. Hakuna chanzo kinachozikwa shambani, kutupwa kwenye choo cha shimo au kupelekwa jaa la taka la mji.

4. Kusafisha. Meza, masinki, mabomba ya maji machafu, sakafu na matundu ya kutolea hewa husafishwa. Vipande vya karatasi au pamba hupanguswa juu yake na kupimwa. Kisichosafishika hung'olewa na kutunzwa kama taka ya mionzi.

5. Kupima mara ya mwisho. Chumba hugawanywa kwa miraba na kila mraba hupimwa. Vipimo hulinganishwa na mionzi ya asili ya eneo hilo.

6. Kupata kibali. Wakaguzi wa serikali hufika na kupima wao wenyewe. Wakiridhika, chumba huruhusiwa kutumika kwa kazi nyingine, na kumbukumbu zote huhifadhiwa.

NANI ANAHUSIKA?

Leseni ya kuwa na kifaa cha mionzi haitolewi na kaunti. Hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya (KNRA), iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019. Kabla yake kulikuwa na Bodi ya Kinga ya Mionzi. Mamlaka hiyo hukagua hospitali, vyuo, viwanda na makandarasi wanaotumia vifaa hivyo.

Kaunti nayo ina wajibu wake. Katiba imeipa kazi ya vituo vya afya vya kaunti, uzoaji wa taka, zimamoto na kukabiliana na majanga. Kifaa kikipotea na kuangukia sokoni, watakaofika kwanza ni chifu, polisi, zimamoto na wauguzi wetu.

Wakuu wa shule, hospitali na vyuo wana wajibu wa kipekee. Kabla ya kamati ya kuuza mali kuukuu kupanga mnada, orodha ya vifaa vya maabara ipitiwe na mtu anayevijua. Kifaa kisichojulikana kazi yake kisiuzwe hadi kitambuliwe.

Mwananchi pia ana nafasi yake. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari, na kifungu cha 42 kinampa haki ya mazingira safi. Taasisi jirani ikifunga maabara au kuhama, unaweza kuuliza maswali haya matatu: Je, kulikuwa na vyanzo vya mionzi? Vimekwenda wapi? Kibali cha mkaguzi kiko wapi?

UKIKUTANA NA KIFAA CHA KUTILIWA SHAKA

Wauzaji na wanunuzi wa vyuma chakavu, someni hapa kwa makini. Wazazi, waelezeni watoto wanaookota vyuma baada ya shule.

Dalili za kuangalia: alama ya mapanga matatu yaliyozunguka duara dogo, kwa kawaida meusi au ya zambarau juu ya rangi ya manjano, alama nyekundu ya pembetatu yenye mawimbi, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia, neno la Kiingereza RADIOACTIVE, au chombo kidogo kilicho kizito kupita kiasi, kwa maana vyanzo hufunikwa kwa risasi au chuma kinene. Kumbuka kwamba alama inaweza kuwa imefutika.

Fanya hivi:

• Usikiguse, usikigonge, usikikate kwa moto, wala usikifungue.
• Ondoka na uwaondoe wengine, angalau mita 30.
• Mwarifu chifu, mzee wa Nyumba Kumi au polisi. Unaweza kupiga 999 au 112. Eleza mahali kilipo, na useme unashuku ni kifaa cha mionzi ili KNRA iitwe.
• Kama ulikigusa, nawa mikono kwa sabuni na maji. Usile, usinywe wala usivute sigara kabla ya kunawa. Vua nguo zako, zifunge kwenye mfuko na uziweke mbali na watu.
• Nenda hospitali hata kama hujisikii mgonjwa, na umwambie daktari kwamba ulishika chuma usichokijua. Kutapika, au vidonda kama vya moto kwa mtu ambaye hakuungua, vinaweza kuwa dalili, na daktari hawezi kukisia kama hukumwambia.

Usifiche kwa kuogopa kupoteza pesa ulizonunulia. Ukifiza mapema, unajiokoa wewe, familia yako na soko zima.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mashine ya eksirei iliyozimwa ina tofauti gani na chanzo cha kobalti 60 kilichofungiwa kabatini?
2. Chanzo cha sesiamu 137 kiliwekwa stoo miaka 60 iliyopita. Ni sehemu gani ya nguvu yake iliyobaki?
3. Kuna tofauti gani kati ya kumulikwa na kuchafuliwa?
4. Taja hatua mbili zinazopaswa kufanywa kabla ya chumba cha maabara kugeuzwa kuwa darasa.

Majibu: (1) Eksirei ikizimwa haitoi mionzi, kobalti 60 huendelea kuitoa. (2) Miaka 60 ni nusumaisha 2, kwa hiyo imebaki robo. (3) Anayemulikwa hupigwa na mionzi akiwa karibu na chanzo. Anayechafuliwa hubeba unga wake mwilini au kwenye nguo. (4) Zozote mbili kati ya kuhesabu na kuondoa vyanzo, kusafisha, kupima na kupata kibali cha wakaguzi.

Tunawaomba walimu na machifu walisome somo hili darasani na barazani, na mwenye karakana ya vyuma alibandike ukutani, mahali ambapo wafanyakazi wake watalisoma.