Kuficha jeraha si ushujaa



Mazembe na Lupopo wakisha kucheza, mabishano hayaishi kambini. Huyu anasema: "Tulikosea kumwacha mchezaji yule aende." Mwenzake anajibu: "Na yule aliyecheza na mguu mbovu, huyo ndiye mwanaume!" Mbali sana, katika nchi ya Kanada, watu wanabishana vilevile juu ya mchezo wao wa hoki. Wamezoea kurudia hesabu za zamani: ni nani aliyebadilishwa na nani, na ekipi gani ilipata faida. Katika kurudia hesabu hizo wamejifunza jambo moja linalotufaa sisi watu wa mgodi. Ndilo somo letu la leo.

1. Hoki ni mchezo gani?

Hoki ya huko inachezwa juu ya barafu. Kila mchezaji anavaa viatu vyenye chuma chembamba chini kama kisu, na mkononi anashika fimbo. Hawapigi mpira wa duara. Wanapiga kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi, na kikipigwa kwa nguvu chaweza kupita mwendo wa kilometa 150 kwa saa. Tena wachezaji wanaruhusiwa kugongana kwa miili. Kwa hiyo majeraha ni mengi.

Mchezo huu unapendwa sana katika miji ya migodi ya Kanada: Sudbury, wanakochimba nikeli na shaba kama sisi; Timmins na Kirkland Lake, wanakochimba dhahabu. Ekipi kubwa za Kanada na za Marekani zinacheza katika shirikisho moja linaloitwa NHL, na zinashindania kombe la Stanley.

2. Sifa ya usiku mmoja

Tarehe 23 mwezi wa 4, mwaka 1964, ekipi ya Toronto ilicheza na ekipi ya Detroit. Toronto ikishindwa siku ile, kombe limekwenda. Mchezaji wa Toronto, Bobby Baun, alijitupa mbele ya kisahani kilichopigwa na Gordie Howe wa Detroit. Kikamvunja mguu. Akabebwa kwa machela. Ndani akafungwa kitambaa, akachomwa sindano ya kuua maumivu, akarudi kwenye barafu. Katika dakika za nyongeza ni yeye aliyeingiza goli la ushindi! Siku mbili baadaye akacheza tena kwa sindano, na Toronto ikachukua kombe. Mchezo ulipokwisha ndipo alipokubali kupigwa picha ya mifupa.

Mpaka leo watu wanamsifu Baun. Lakini tusisahau neno moja: alikuwa na bahati. Mfupa wake ulipona, akacheza mpaka mwaka 1972. Mtu mmoja akivuka mto wenye mamba na kufika salama, je, tutasema mto ule hauna mamba?

3. Hesabu ya miaka

Sasa tuwatazame wengine wawili.

Bobby Orr wa Boston, aliyezaliwa mwaka 1948, wengi wanamhesabu kuwa mlinzi bora kuliko wote waliopata kucheza hoki. Lakini tangu miaka yake ya kwanza goti la kushoto lilimuumiza. Likapasuliwa, akarudi kucheza. Likaumia tena, likapasuliwa tena, akarudi tena. Lilipasuliwa zaidi ya mara kumi. Mwaka 1976 alikwenda Chicago. Pale, katika misimu mitatu, aliweza kucheza michezo 26 tu. Mwezi wa 11 wa 1978 akaacha mchezo. Alikuwa na miaka 30.

Wa pili ni yuleyule Gordie Howe aliyepiga kisahani kile. Mwezi wa 3 wa 1950 Howe alianguka na kugonga kichwa ukutani, fuvu likapasuka. Wanganga walitoboa fuvu ili kupunguza msukumo juu ya ubongo. Mashindano yaliendelea bila yeye, na ekipi yake ikachukua kombe vilevile. Howe alikaa mpaka akapona. Msimu uliofuata alirudi, akawa wa kwanza katika shirikisho zima kwa kuingiza na kusaidia magoli. Akaendelea mpaka mwaka 1980, akiwa na miaka 52!

Tusiseme kwamba Orr alikosa akili. Siku zile wanganga hawakuwa na njia za leo za kutengeneza goti. Lakini kiungo kinachorudishwa kwenye kazi ya nguvu mara kwa mara, kabla hakijapona vema, kinalika. Kikiisha kulika, hakuna mshahara unaoweza kukirudisha.

4. Mabadilishano ya mwaka 1992

Mwaka 1992 ekipi ya Quebec ilimtoa kijana wa ajabu, Eric Lindros, kwa ekipi ya Philadelphia. Alikuwa mrefu, mzito, mwenye nguvu za ng'ombe. Ili kumpata, Philadelphia ilitoa wachezaji wengi, na dola milioni 15 juu yake. Mmoja wa wachezaji wale alikuwa kijana wa Uswedi, Peter Forsberg. Wengi waliona kwamba Philadelphia imepata mfalme.

Lindros alicheza vema kweli. Mwaka 1995 alipewa tuzo la mchezaji bora wa shirikisho. Lakini alikuwa akipigwa kichwani mara kwa mara. Mwezi wa 3 wa 2000 alipigwa tena, akaendelea kucheza michezo kadhaa huku kichwa kinamuuma. Alipolalamika kwamba ugonjwa wake haukutambuliwa mapema, palitokea magomvi. Tarehe 26 mwezi wa 5 wa mwaka uleule akagongwa vibaya sana, akaanguka juu ya barafu. Msimu mzima uliofuata hakucheza. Alirudi katika ekipi nyingine, lakini hakuwa tena yule wa zamani. Kombe la Stanley hakulipata hata mara moja.

Na Forsberg? Ekipi ya Quebec ilihamia Denver, Marekani, mwaka 1995, ikachukua kombe mwaka 1996 na 2001. Katikati ya mashindano ya 2001 Forsberg aliugua ghafula, wanganga wakamtoa wengu. Hakulazimishwa kurudi. Msimu wa kawaida uliofuata alipumzika wote. Aliporudi katika mashindano ya kombe ya 2002, alipata pointi kuliko wachezaji wote. Na mwaka 2003 akapewa tuzo lile la mchezaji bora. Baadaye mguu ulimsumbua, ukamwachisha mchezo. Yeye naye alikuwa mtu wa nyama na mifupa.

Leo wapenzi wa hoki wakirudia hesabu ya 1992 wanasema Quebec ndiyo iliyopata faida. Lakini wanasema na neno lingine, ambalo zamani halikusemwa: Lindros hakuwa mlegevu, alikuwa mgonjwa. Zamani mchezaji mwenye kuumwa na kichwa aliambiwa: "Jikaze." Leo shirikisho lina sheria: anayeonekana kupigwa kichwani anaondolewa kwenye barafu na kupimwa na munganga mahali pa kimya. Hata yeye mwenyewe akisema "sina neno," hasikilizwi.

5. Maumivu ni nini?

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo unalijua jambo hili. Kabla ya kuanza kazi unagonga mwamba wa juu kwa chuma kirefu. Mwamba ukilia vizuri, unapita. Ukilia kama ngoma, unajua kuna ufa ndani. Hupiti mpaka jiwe lililolegea liangushwe au lishikizwe. Hakuna mchimbaji mwenye akili anayeziba masikio ili asisikie sauti ile.

Basi, maumivu ni sauti ya mwamba wa mwili wako. Sindano au vidonge vya kuua maumivu havishikizi mfupa. Vinaziba masikio tu. Mfupa wenye ufa mdogo, ukiubebesha mzigo, ufa unakuwa mkubwa. Na ubongo uliotikiswa, ukipigwa mara ya pili kabla haujapona, unaweza kuharibika kabisa. Hata kifo chaweza kutokea.

6. Sisi kazini

Kwa nini mtumishi anaficha jeraha? Tuseme kweli. Anaogopa kukosa posho. Anaogopa kapita atamwita mvivu. Anaona haya kuwaachia wenzake kazi. Sababu hizi si za kucheka. Mtu mwenye watoto sita anazifikiri usiku. Lakini tufanye hesabu pamoja, kama wale wanavyofanya hesabu ya wachezaji wao.

Ukikaa siku kumi na mguu ukapona, umepoteza siku kumi. Ukificha mguu, ukavunjika kabisa mwezi ujao, umepoteza miezi, na labda kazi yenyewe. Tena ajali isiyoandikwa siku ile ni vigumu kuhakikisha baadaye kwamba ilitokea kazini. Utasema nini, na shahidi wako nani? Na mwenye kizunguzungu anayeendesha mashine hajihatarishi peke yake. Anahatarisha ekipi nzima.

Kwa hiyo:

– Jeraha lolote, hata dogo, umwambie kapita siku ileile, liandikwe.
– Ukipigwa kichwani, acha kazi mara moja, hata kama kofia ilikukinga. Usirudi mpaka munganga akupime.
– Usipande juu, usiendeshe gari wala mashine mpaka munganga akuruhusu. Utarudi kidogo kidogo: kwanza pumziko, kisha kazi nyepesi, kisha kazi yako ya kawaida. Dalili zikirudi, rudi nyuma hatua moja na umwambie munganga.
– Usimeze vidonge ili uweze tu kumaliza zamu.

Na wewe kapita, usimsifu mbele ya wenzake mtu aliyefanya kazi na jeraha. Ukimsifu mmoja leo, kesho watano watakuficha.

7. Mama nyumbani

Mara nyingi ni bibi anayegundua kwanza. Mume anajikaza kazini, lakini nyumbani anashindwa kuinama kuvua viatu. Mama, usinyamaze. Kama amepigwa kichwani, usimwache peke yake usiku wa kwanza. Asinywe pombe. Usimpe aspirini, kwa sababu inaweza kuongeza damu inayotoka ndani. Mpelekeni lupitali bila kukawia kama:

– anatapika mara kwa mara;
– kichwa kinazidi kumuuma;
– anachanganya maneno, hajui siku wala mahali;
– analala na haamki vizuri;
– mboni ya jicho moja ni kubwa kuliko ya pili;
– mkono au mguu unalegea, au anashikwa na degedege;
– damu au maji meupe yanatoka puani au masikioni.

Mguu au mkono uliovimba usikandwe wala kuvutwa na jirani. Ufungwe usicheze-cheze, mgonjwa apelekwe kwa munganga.

Wazee walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Goli la Baun lilikuwa la usiku mmoja, na hata huko kwao bado linapigiwa makofi. Lakini sisi hatuchezi mchezo wa usiku mmoja. Watoto wetu wanatuhitaji kesho, na mwaka ujao, na siku watakapooa na kuolewa. Wakati huo watatufanyia hesabu. Wataona haraka kama baba aliyetoka mgodini na miguu yake miwili alikuwa mlegevu au mwenye akili.

Maulizo ya kujibu pamoja nyumbani

1. Kwa nini tunasema Baun alikuwa na bahati?
2. Howe alifanya nini baada ya ajali ya 1950? Kulikuwa na faida gani?
3. Sauti ya mwamba wenye ufa inafanana na nini katika mwili?
4. Taja dalili nne za hatari kwa mtu aliyepigwa kichwani.
5. Baba, je, kuna maumivu unayoyaficha leo? Utamwambia kapita siku gani?