Shoka Kabla ya Neno: Ufunguzi wa Filamu ya Makala

Kwa msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi, makala ni maandishi kama haya. Kwetu Kasaji, makala ni kile ambacho mama anapikia bukari, yaani kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita mkaa. Kwa hiyo filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras, Makala (2017), inaanza kuchagua hadhira yake tangu kwenye jina. Mmoja anatazamia kusoma, mwingine anasikia moshi.

Tunafundishwa kwamba ufunguzi wa filamu humvuta mtazamaji kwa kumficha jambo. Ni kama kitendawili: msimulizi anatega, sisi tunabaki tukitafuta jibu. Mfano mzuri ni Augure (2023) ya Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Inafunguliwa na mwanamke aliyepanda farasi jangwani. Ni nani? Anakwenda wapi? Hatuambiwi, na kwa sababu hatuambiwi, tunakaa.

Makala haitegi kitendawili, angalau si kwetu. Kabwita Kasongo, kijana wa kijiji cha Walemba karibu na Kolwezi, anatembea porini na shoka. Kamera inamfuata kwa nyuma. Tunaona mgongo wake kabla ya kuujua uso wake. Anafika kwenye mti mkubwa, anaanza kuukata. Hakuna sauti ya msimulizi inayotueleza lolote. Mtazamaji wa Cannes, ambako filamu hii ilipata Tuzo Kuu ya Juma la Wahakiki, huenda alijiuliza mtu huyu anataka nini. Mimi nilijua mara tu nilipoona shoka. Kando ya barabara zetu magunia ya makala ni kitu cha kila siku.

Mbona basi sikuinuka?

Jibu langu ni kwamba ufunguzi huu unanivuta kwa muda. Gras hakati picha upesi ili tufike kwenye gunia. Shoka linapiga, linapiga tena, mti unabaki umesimama. Pigo moja halionyeshi kitu. Mapigo mengi yanaonyesha mtu anayechoka. Mti unapoanguka, nami nimekwisha kungoja pamoja naye. Jambo nililolijua kwa jina, sasa nalijua kwa uzito wake.

Uzito huo ndio unaobeba filamu iliyobaki. Kabwita anapakia magunia kwenye kinga na kuisukuma kwa miguu kilomita zipatazo 50 hadi Kolwezi. Njiani anadaiwa pesa ili apite. Mjini wanunuzi wanamwambia bei iko juu. Tendo hilo la kupunguza bei ni la kawaida sokoni; nimelifanya mimi mwenyewe mara nyingi bila kufikiri. Lakini hapa kila franka inayopunguzwa inaturudisha kwenye ule mti. Na anapouliza bei ya manjanja ya kuezekea nyumba anayoiota, hatuhitaji kuelezwa kwa nini ananyamaza. Kama filamu ingeanzia sokoni, tungeona muuzaji mbishi tu.

Hivyo nadai kwamba kuna namna mbili za kufungua filamu. Ya kwanza inampa mtazamaji swali. Jibu likipatikana, swali limekwisha kazi. Ya pili inampa kipimo, naye anakitumia mpaka mwisho. Namna ya pili inatufaa hasa sisi tunaotaka kusimulia Lualaba kwa watu wa Lualaba, maana hatuwezi kuwashangaza kwa vitu wanavyovipita kila asubuhi. Tunaweza kuwafanya wasimame mbele yake.

Zoezi: tazama tena ufunguzi huo ukiwa umefumba macho. Sikiliza shoka na pumzi ya mkataji. Kisha andika, kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu, umejua nini kabla ya neno la kwanza kusemwa.