SOMO LA MWEZI: MPITA NJIA NAYE NI JIRANI

Masomo: Yeremia 28 na 29:1-14, Danieli 1, Luka 10:25-37, Mithali 27:10 na 14

Wahusika: vijana wanaokwenda kusoma mjini, na wazazi wanaowatuma



Kila mwaka baadhi ya vijana wetu hutoka kambini kwenda vyuoni, Mbarara, Kampala na kwingineko. Wengine husaidiwa na ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR. Wengine husomeshwa na jamaa waliouza mbuzi na mahindi. Tunawaombea, tunawapa nauli, tunawaambia wasome kwa bidii na wasiache kanisa. Lakini ni wazazi wangapi huwafundisha namna ya kukaa na jirani? Wengi wao hawalali ndani ya chuo. Hupanga chumba mtaani, mlango kwa mlango na watu wenye kazi, wenye watoto na wenye wagonjwa. Ndiyo maana tumeandaa somo hili.

1. Kosa langu mwenyewe

Mimi ninayeandika nilipanga chumba Mbarara nilipokuwa mwanafunzi. Tulikuwa vijana watatu, wote wa kutoka kambini. Vyumba vilipangwa kwa mstari, na ukuta kati ya chumba na chumba haukufika kwenye bati. Jirani yetu alikuwa mama muuza chapati, aliyeamka saa kumi usiku kukanda unga.

Kila Ijumaa tulikesha chumbani tukiomba na kuimba hadi saa nane, wakati mwingine saa tisa. Tuliona tunafanya kazi ya Mungu. Lakini hata jina la mtoto wa yule mama hatukulijua. Tulisema, "Sisi tunapita tu. Miaka mitatu ikiisha tumeondoka."

Ijumaa moja mtoto wake alishikwa na homa kali, akaanza degedege. Mama akabisha mlango wetu. Tulikuwa tunaimba, hatukusikia. Akambeba mtoto mgongoni, akatembea peke yake gizani mpaka barabara kuu, ndipo akapata bodaboda. Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Kesho yake mama alituambia bila hasira, "Nilibisha. Mlikuwa mnaomba."

Maneno hayo sijayasahau. Katika habari ya Luka 10 nilikuwa nimezoea kujiweka upande wa Msamaria. Siku ile nilijikuta upande wa kuhani na Mlawi.

2. Barua kwa waliohamishwa

Watu wa Yuda walipopelekwa Babeli, walikuwepo manabii waliowaambia kwamba watarudi upesi. Hanania alisema miaka miwili tu. Mtu akiamini hivyo, hafungui mzigo wake. Kwa nini apande mti? Kwa nini amjue jirani? Yeremia aliwaandikia tofauti: wajenge, walime, waoe na kuolewa, na wautafute usalama wa mji ule na kuuombea, kwa sababu mji ukikosa amani wao pia wataikosa. Hakuwaambia wasahau kwao. Kurudi kuliahidiwa katika barua ile ile, ila baada ya miaka 70.

Danieli na wenzake watatu walikuwa wanafunzi katika uhamisho. Walipangiwa miaka mitatu ya masomo, wakajifunza lugha na maandishi ya wenyeji. Walipokuwa na jambo la imani lisilopatana na taratibu za pale, Danieli hakugombana na msimamizi. Aliomba kwa adabu, akapendekeza wajaribiwe siku 10, akafikiri pia juu ya shida ambayo ingempata yule msimamizi. Imani yake haikupungua kwa sababu ya adabu hiyo.

3. Msamaria naye alikuwa safarini

Tazama jambo hili katika Luka 10:33. Yule Msamaria hakuwa mwenyeji wa njia ile. Alikuwa msafiri, na kesho yake aliendelea na safari. Tena alikuwa mtu wa kabila lililodharauliwa. Angeweza kusema, "Mimi napita tu, wenyeji watamsaidia." Lakini ndiye Bwana Yesu aliyemtolea mfano wa jirani.

Basi, ujirani haupimwi kwa wingi wa miaka utakayokaa. Mkimbizi anapita, mwanafunzi anapita, na sisi sote duniani tunapita. Mpita njia naye ni jirani wa mtu aliye karibu naye leo.

4. Mambo ya kutenda

Jitambulishe. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatambua haki ya mkimbizi kutembea ndani ya nchi, lakini sheria haiwezi kukupatia rafiki. Ukihamia mtaa, nenda kwa mwenyekiti wa LC 1 ukiwa na kitambulisho cha ukimbizi na cha chuo. Kisha pita kwa majirani, mlango kwa mlango. Jifunze salamu yao. Mbarara, ukiambiwa "Agandi", jibu "Ni marungi". Ni neno dogo, lakini mtu akilisikia kwako anajua umemheshimu.

Pima sauti yako. Mithali 27:14 inaonya kwamba hata baraka, ikitolewa kwa kelele wakati usiofaa, huhesabiwa kuwa laana. Ikiwa ni hivyo kwa baraka, je, redio na simu? Uliza jirani anaamka saa ngapi. Kesha lifanyike kanisani, au muombe kwa sauti ya chini. Mungu anasikia.

Shika zamu yako. Fagia ua, osha choo cha pamoja, peleka takataka panapotakiwa. Bombani usipange jerikani sita mbele ya mama mwenye moja. Mkichangia umeme, toa fungu lako kabla ya kudaiwa.

Sema kweli juu ya kodi. Pesa za ufadhili zikichelewa, mwendee mwenye nyumba kabla ya tarehe, umweleze. Usijifiche wala usizime simu. Usiseme mko wawili kumbe mnalala watano.

Nenda msibani na kwa mgonjwa. Zamani wenyeji wa Ankole na Kigezi walikuwa na vyama vya engozi, yaani machela ya kusuka. Mtu akiugua, majirani walimbeba kwa zamu kupanda na kushuka vilima hadi hospitali, na vyama hivyo vilisaidia katika mazishi pia. Umepanga katika nchi ya watu waliobebana hivyo. Ukisikia kilio, funga daftari uende. Kama huna mchango, chota maji au panga viti.

5. Neno kwa wazazi

Mwenye nyumba akidanganywa na kijana mmoja wa kambini, wa pili atakayebisha huambiwa hakuna chumba. Hilo si haki, lakini hutokea. Mwambieni mtoto kwamba mwenendo wake unaweza kumfungia au kumfungulia mlango ndugu anayemfuata. Hata hivyo, asiwe mwema kwa hofu ya sifa tu. Yule mama hakubisha kwetu ili apime tabia ya wakimbizi. Alibisha kwa sababu tulikuwa karibu. Mithali 27:10 inatukumbusha kwamba siku ya shida mtu humtegemea aliye karibu, kwa maana ndugu yuko mbali. Sisi tulioacha ndugu ng'ambo ya mpaka tunalielewa neno hilo.

Mtoto akipiga simu, msimuulize habari za mitihani tu. Mwulizeni, "Jirani yako anaitwa nani?"

Sisi watatu tulimwomba yule mama msamaha, tukahamishia kesha kanisani, na kila Jumamosi tukamchotea maji. Siku ya kuondoka alitufungia chapati za njiani, na yule mtoto akatusindikiza mpaka stendi akiwa amebeba mkoba wangu.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Je, maneno "tunapita tu" yametuzuia kumjua jirani gani hapa kambini?
2. Danieli alitunza imani yake bila kumdharau msimamizi. Sisi tunafanyaje tunapotofautiana na wenyeji?
3. Jirani akibisha usiku, tutasikia?

Kazi ya juma hili: kila jamaa itembelee nyumba moja ya karibu ambayo haijawahi kuingia, isalimie, na iulize habari za watoto na wagonjwa.

Bwana awabariki.