Moyo Unaopapatika na Uchaguzi wa Dawa: Kijitabu cha Nyumba za Garsen na Bonde la Mto Tana

Maradhi yenyewe

Moyo wa mwanadamu una vyumba vinne, na desturi yake ukiwa mzima ni kupiga kwa mpango. Lakini yako maradhi ambayo vyumba viwili vya juu huacha kukaza na kulegea kwa nidhamu, vikawa vinapapatika tu, na mwenye maradhi hayo huhisi moyo ukimwenda mbio, au pumzi zikimpungua, au kizunguzungu, na pengine asihisi chochote hata siku ya msiba. Kama yatuamavyo maji ya Tana katika mabwawa yaliyoachwa na mto, yakaota magugu, ndivyo damu ituamavyo katika chumba kinachopapatika, ikafanya bonge. Na bonge hilo likichukuliwa hadi kwenye ubongo huziba mshipa, na hapo ndipo mtu apatwapo na kiharusi. Hatari hiyo kwa mwenye mpapatiko ni takriban mara 5 ya mwenziwe asiyekuwa nao. Dawa za kuzuia damu kuganda, ambazo wengi huziita dawa za kuifanya damu nyepesi, zitumiwapo sawasawa huiondoa hatari hiyo kwa karibu thuluthi mbili.

Dawa hizo ni za aina mbili: wafarini, ambayo matabibu wameitumia tangu miaka ya 1950, na dawa mpya, nazo ni apiksabani, rivaroksabani, dabigatrani na wenzake, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizitia katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Uchaguzi baina yao una maswali matatu, na utaratibu wake usigeuzwe.

Swali la kwanza: vali za moyo zi hali gani?

Katika nchi zetu wamo watu wengi, aghalabu vijana na hasa wanawake, ambao utotoni walishikwa na maradhi ya koo yasiyotibiwa, yakafuatwa na homa ya baridi yabisi, nayo ikawaachia makovu katika vali za moyo. Iwapo vali iliyo baina ya vyumba viwili vya upande wa kushoto imebanwa kwa sababu hiyo, au mgonjwa amepasuliwa akawekewa vali ya chuma, dawa yake ni wafarini. Mwaka 2022 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye mpapatiko na maradhi ya moyo ya baridi yabisi, na ikadhihirika kwamba waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, wala hawakuvuja damu zaidi. Kwa hiyo mgonjwa apigwe picha ya moyo ya mawimbi ya sauti kabla ya kuchaguliwa dawa, hata ikimbidi kusafiri hadi Malindi au Mombasa. Na mwanamke anayetumia wafarini amwone tabibu kabla ya kushika mimba, na akishaishika asikawie hata siku moja, kwa kuwa dawa hii yaweza kumdhuru mtoto, na ziko sindano za heparini za kumsitiri kwa wakati huo.

Swali la pili: mwili una nini kingine?

Asiyekuwa na vali iliyobanwa wala ya chuma ana wasaa wa kuchagua, na kwake dawa mpya zina fadhila, kwani huleta uvujaji mchache zaidi wa damu kichwani. Lakini dawa hizi hutolewa mwilini kwa sehemu na figo, basi figo zipimwe kabla ya kuanza, na baadaye walau mara moja kwa mwaka. Anayetibiwa kifua kikuu, au anayetumia dawa za virusi vya Ukimwi au za kifafa, amwambie tabibu, maana baadhi ya dawa hizo huzidhoofisha au huzizidisha nguvu dawa za damu za aina zote mbili.

Swali la tatu: njia ya kwenda kupimwa iko vipi?

Wafarini hutaka damu ipimwe kipimo kiitwacho INR, ambacho kwa wagonjwa wengi wa mpapatiko hutakiwa kiwe baina ya 2 na 3: kikipungua, damu huganda, kikizidi, huvuja. Mwanzoni hupimwa mara kwa mara, na kikitulia, takriban kila mwezi. Nasi twajua yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 1997, na tena mwaka 2023, mafuriko yalipokata barabara, vijiji vya bonde vikawa visiwa. Anayetumia wafarini apimwe kabla ya mvua kushika, awe na akiba ya dawa, na amwulize tabibu mapema afanye nini asipoweza kufika.

Chakula nacho kina sehemu yake, kwa kuwa mchicha, kisamvu, majani ya kunde na sukuma wiki huipunguza nguvu wafarini. Si haramu kuvila, bali viliwe kwa kiasi kimoja wiki hata wiki. Mfugaji aliyeishi kwa maziwa na nyama wakati wa kiangazi, kisha mvua zikamletea mboga kila siku, apimwe upya.

Dawa mpya hazitaki INR, lakini nguvu zake hazidumu. Atakayeziacha siku moja au mbili amebaki bila kinga. Katika mwezi wa Ramadhani apiksabani yaweza kumezwa wakati wa kufuturu na wakati wa daku, na rivaroksabani pamoja na futari, kwani hutakiwa kumezwa na chakula. Bei ya dawa mpya aghalabu ni kubwa kuliko ya wafarini. Asiyeweza kuilipa kila mwezi aseme wazi kwa tabibu tangu mwanzo.

Hadhari kwa nyumba nzima

Aspirini si badala ya dawa hizi. Mgonjwa asijinunulie dawa za maumivu kama ibuprofeni au diklofenaki, asiumikwe wala asichanjwe chale, na kabla ya kung'olewa jino au kudungwa sindano ataje dawa anayoitumia.

Akitapika damu, akipata haja nyeusi, akikojoa damu, akianguka akaumia kichwa, au akishikwa na maumivu makali ya kichwa ghafla, apelekwe hospitali mara moja. Na akipinda uso, akilegea mkono au akigota usemi, hicho ni kiharusi: apelekwe saa ile ile, wala asipewe kitu cha kumeza.

Basi mwenye maradhi haya asiulize dawa ipi iliyo mpya, wala jirani yake anatumia ipi. Na aulize vali zake zikoje, figo zake zikoje, na kama ataweza kuifikia maabara mvua inaponyesha. Atakayepata majibu ya hayo matatu, akameza dawa yake kila siku wala asiiache ila kwa amri ya tabibu, amejikinga kwa kadiri elimu ya leo inavyoweza kumkinga.